Plagi Nne Nilizozisugua kwa Majivu

Juzi gereji kwangu Chapwa kijana ninayemfundisha kazi alifungua plagi ya pikipiki, akaifuta kwenye suruali yake kabla hata hajaitazama. Nilimkemea mpaka wateja wakageuka. Akashangaa: "Mama, si uchafu tu?" Nikaingia ndani nikakaa. Niliishia darasa la nne, ufundi huu nimeupata kwa macho na mikono yangu, sikubebwa na mtu. Lakini wazo la kijana yule, mimi nililiwaza kabla yake, nikiwa na miaka kumi, kule Iyula.

Iyula ya siku zile, ndugu yangu, baridi yake iling'ata masikio. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, na mibuni yetu ya kahawa tumeiacha mbali, tunaifuata kwa miguu alfajiri. Moshi wa kuni ulitambaa chini kwa chini, una harufu ya maharage yaliyolala jikoni. Kazi yangu ilikuwa kusugua vyombo kwa majivu na mchanga. Bibi alizoea kusema, "Msichana anajulikana kwa tako la sufuria yake." La kwangu liling'aa, majirani wakasifu, nami nikavimba kichwa.

Masika moja mama akashikwa na uchungu. Siku ya kwanza ikapita. Asubuhi ya pili bibi, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga, akatoka nje, macho mekundu. "Mtoto amekingama tumboni. Mpelekeni Vwawa."

Gari la kijiji lilikuwa moja tu, kuukuu. Mama akapakiwa. Likaanza kupanda mwinuko wa kanisani, likakohoa, likazima. Petroli ilikuwa ya kibali. Iliyokuwemo ilitosha kufika tu, ya kufanyia majaribio haikuwepo.

Aliyeliendesha na kulitengeneza alikuwa jirani yetu, fundi aliyeokota ufundi wake kwenye kambi za barabara ya Zambia. Mtu mpole. Watoto tukimzunguka alitueleza kwamba plagi ni ulimi wa injini. "Ikiwa nyeusi, gari limelishwa petroli mpaka linapaliwa. Ikiwa nyeupe, linakufa njaa. Ikiwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri, usiiguse kabureta, ndiyo inayolipimia chakula." Tulikuwa tunacheka. Gari lina ulimi!

Siku ile alifungua plagi zote nne haraka haraka, macho yake yako kwa mama, akazilaza juu ya gunia bila kuzitazama, akakimbia kwake kufuata bisibisi. Mama anaguna mle ndani. Shangazi anamfuta jasho. Mimi nilitaka kumsaidia mama yangu, sikujua vipi. Nikaona vitu vichafu juu ya gunia, na uchafu ndiyo kazi yangu. Nikachota majivu jiko la jirani, nikasugua mpaka chuma kikameremeta.

Fundi aliporudi akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Nani kafanya hivi?"

"Si huyu binti yetu," shangazi akasema kwa furaha. "Tazama zinavyong'aa!"

Akachuchumaa mbele yangu. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, zilikuwa na rangi gani?"

Sikuwa nimeangalia. Kwangu mimi uchafu ulikuwa na rangi moja.

"Nyeusi, baba."

"Una hakika?"

"Nyeusi tii, kama tako la sufuria."

Akageukia kabureta, akakaza skrubu, akapunguza petroli. Gari likawaka. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapanda nyuma kushika kikapu cha mama, najiona nimemwokoa.

Kwenye mlima wa mwisho kabla ya barabara kuu injini ikaanza kupasuka-pasuka, harufu ya chuma kilichoungua ikajaa, gari likafa. Fundi akafungua plagi moja kwa kitambaa, vidole vinaungua. Ilikuwa nyeupe kama chokaa, ncha imeyeyuka. Takataka za pipa la petroli zilikuwa zimeziba tundu la kabureta tangu mwanzo. Gari lilikuwa na njaa, na kwa neno langu akalinyima zaidi.

Akanitazama. Nikainamisha kichwa.

"Vipi, fundi?" baba akauliza.

"Nimekosea kukaza. Kosa langu."

Wanaume wakafunga machela ya blanketi, wakambeba mama kwenye matope mpaka Vwawa. Jua lilikuwa limeshapinda walipofika. Mama alipona. Mdogo wangu, wa kiume, alitolewa kimya, wala baada yake mama hakuzaa tena.

Kuanzia siku ile baba hakumwamkia yule jirani. Wanawake walimkwepa njiani. Hakuna aliyemwita fundi tena. Mavuno yalipokwisha tukakuta mlango wake umefungwa kwa kamba, amevuka mpaka. Mimi nilikuwa nakula, nalala, nasugua sufuria. Sikusema.

Leo kijiji kile hakipo. Watu walirudi kwenye mashamba yao ya zamani, kila ukoo na kilima chake. Gari liliozea kwenye mahindi. Bibi ametangulia. Magari mengi ninayoletewa hayana kabureta, yanapimwa kwa mashine, hayamuulizi mtoto kitu. Miaka mingi nimewauliza madereva wanaotoka Zambia kama wamemwona mzee wa namna ile. Hakuna.

Mama alimalizia siku zake nyumbani kwangu. Jioni moja, nikimnywesha uji, alisema kwa sauti aliyobaki nayo, "Mungu asimpe raha aliyemuua mwanangu."

Nikasema, "Amina."