Siku Tuliyokwenda Kununua Nyumba Tukaposa Binti wa Watu

Hii habari siwezi kuisimulia bila kuona aibu, kwa hiyo acheni nianze na aibu yenyewe niimalize: mimi, Mama Jeni, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, muuza vitenge wa Mabatini ninayejulikana mtaa mzima kwa kujua kuongea, nimewahi kukaa sebuleni kwa watu karibu saa nzima, nikanywa soda zao, nikatafuna karanga zao, nikamjadili binti yao wa kumzaa, huku mwenzenu nikidhani tunajadili nyumba na kabati. Chekeni tu. Mume wangu Masanja anacheka mpaka leo, ingawa na yeye alikuwepo, tena alikuwa chini ya meza.

Chanzo ni mapenzi yangu ya vitu vya zamani. Wenzangu wakipata hela wanataka masofa yale makubwa yanayojaa sebule yote na geti la mbwembwe, mimi nataka nyumba ya enzi zile fundi alikuwa anachonga mlango kwa mkono wake na hachongi wa pili ukafanana nao, nyumba ya mawe chini na mbao juu, yenye veranda pana na kibaraza cha kukalia dirishani, na vyombo vya mninga visivyojua msumari ni nini. Picha za nyumba kama hizo nilikuwa naziangalia kwenye simu mpaka bando linakata. Masanja naye anafundisha useremala chuoni, kwa hiyo badala ya kunizuia ndiyo kwanza alikuwa ananichochea (akiona kiti cha zamani anakigonga kwa kidole, anakaa kimya kusikiliza, utadhani daktari na mgonjwa). Tulikuwa tumepanga chumba na sebule miaka kumi na tisa, tukidunduliza.

Basi dalali wetu, Petro, akatuletea habari: kuna nyumba Isamilo, kilimani kule juu kwenye majabali, ziwa lote unaliona, ilijengwa na mafundi wa zamani, mwenyewe ni bibi mjane, anauza na vyombo vyake vyote vya ndani. "Jumamosi saa tano mnisubiri pale kona ya chini," akasema, "nitawapandisha mwenyewe. Bibi anapenda heshima, msiende kienyeji."

Mimi hilo la heshima nikalichukua kwa mikono miwili. Nikashona sare ya kitenge mimi na Masanja, nikafunga doti ya kanga na kilo mbili za sukari kwenye kapu jipya kwa ajili ya bibi, na simu nikaizima sauti ili nisije nikaonekana mtu wa kupokea pokea ovyo mbele ya watu wazito. Saa tano tukafika kona. Saa tano na robo Petro hajatokea. Jua linapiga, poda yangu inaanza kushuka shingoni, na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulioniponza.

"Twende tu," nikamwambia Masanja. "Nyumba ya mawe, geti la kijani, veranda ya mbao. Itatupotea vipi?"

"Petro kasema tumsubiri."

"Petro akija atatukuta tumeshazoeana na mwenyewe."

Tukapanda. Na kweli, hatujafika hata nusu ya kilima, hiyo hapo: mawe, geti la kijani, veranda ya mbao, kila kitu kama tulivyoambiwa. (Kwamba mafundi walewale walijenga mbili zinazofanana kama mapacha, na ya pili iko hatua mia juu, nyuma ya jabali, hilo nani angenitonya?) Sijagonga mara mbili, geti likafunguliwa na mama mmoja mnene mchangamfu, akatazama sare zetu, akatazama kapu, akapiga kigelegele.

"Wageni wetu hao! Tumewasubiri tangu asubuhi! Karibuni, karibuni ndani!"

Nikajua Petro keshapiga simu. Nikamwambia Masanja kwa chini, "Umeona faida ya sare?"

Ndani, jamani! Nilisimama mlangoni machozi yakanilenga. Meza ndefu ya mninga, viti vyenye mikono iliyolainika kwa kukaliwa na vizazi, na ukutani kabati limesimama kama askofu, milango yake imechongwa majani na ndege. Mwenye nyumba, mzee mmoja mpole anaitwa Mzee Lutonja, akanyanyuka. "Shikamoo," tukasema wote wawili. "Marahaba, wanangu, karibuni mkae." Yule mama wa getini akajitambulisha kuwa ni dada yake, Mama Tabu, na kwamba leo yeye ndiye msemaji. Nikashangaa kidogo bibi mjane hayupo, nikasema moyoni labda amepumzika, hawa ni wanawe. Nikalitoa kapu kwa magoti. Mama Tabu akafunua, akaona kanga na sukari, wakatazamana na kaka yake kwa furaha ambayo hata mimi niliona imezidi.

"Sasa," Mama Tabu akaanza, "habari zake si mnazo?"

"Tunazo, mama. Na picha tuliletewa kwenye simu."

"Na mmempenda?"

Hapo kwenye "mmempenda" ningetakiwa kushtuka. Lakini mnatujua sisi wa huku kwetu, ngeli tunazichanganya hata wenye digrii, na isitoshe nikafikiri, mtu aliyezaliwa kwenye nyumba nzuri namna hii kwa nini asiiite "yeye"? Nikaona huo ndio ustaarabu wenyewe. Na mimi nikaanza kusema "yeye," nisionekane wa kuja.

"Tumempenda sana," nikasema. "Lakini picha zinadanganya, ndiyo maana tumekuja tumwone kwa macho. Tukiridhika, sisi si watu wa kuzungusha."

"Maneno ya watu wazima hayo!" Mzee Lutonja akapiga paja. "Maana walishakuja wengine, maneno mengi, vitendo hakuna."

"Hawa wa zamani wanataka watu wanaojua kutunza," Masanja akaingilia. "Wa siku hizi wanapakwa rangi tu, ukikaa naye mwaka mmoja anabomoka."

"Kweli kabisa, wa siku hizi!" Mama Tabu akaitikia kwa uchungu, nadhani alikuwa na mkwe wake kichwani. "Huyu wetu tumemtunza wenyewe. Hatukuwahi kumwachia mtu baki."

"Inaonekana," nikasema. "Na vyombo vyake je?"

"Vyombo ni vyake, mwanangu. Tutamnyimaje vyombo vyake?"

Nikamfinya Masanja mpaka akaruka. Nyumba na vyombo! Nikajiona asubuhi nimekaa kwenye kile kiti, chai mkononi, ziwa mbele yangu linang'aa. Wakati huo Mzee akatoka kidogo kupokea simu, na Masanja, ambaye mikono ilikuwa inamuwasha tangu tuingie, akachomoa tochi yake ndogo akaingia chini ya meza mzima mzima, miguu tu imebaki nje. Mzee akarudi akakuta viatu vya mgeni vinachungulia.

"Amedondosha kitu?"

"Hapana, baba, anaangalia miguu."

"Miguu ya nani?"

Sikupata nafasi ya kujibu, maana Mama Tabu (hata sasa sijui alielewa nini) aliona ni muda wa kuliendesha jambo mbele, akasema basi, tusichelewe, mtu mwenyewe atoke tumwone. Akaita, "Rehema!"

Akatoka binti mrefu, mzuri, kavaa gauni la bluu, kabeba sinia la soda, akapiga goti akatusalimia, kisha akasimama kwa aibu mbele ya lile kabati. Mimi nikadhani ni mtoto wa nyumbani kaleta vinywaji. Nikamwitikia, nikapokea soda, nikainamisha shingo kumkwepa ili nilione kabati vizuri.

"Ndiye huyo," Mzee Lutonja akasema. "Semeni wenyewe."

Nikatazama ule mchongo. "Baba," nikasema, "ni mzuri kuliko picha."

Masanja akatoka chini ya meza, akajifuta vumbi magotini, akalikodolea macho na yeye, akasema kwa sauti ya mtu wa kazi, "Kwa mbele hana tatizo hata kidogo. Tunaomba tumwone na mgongo."

Rehema akamtazama baba yake. Mimi nikaona watu wamekunja sura, nikadhani wameona tunawashuku, nikakimbilia kutengeneza (nisingekimbilia!): "Msichukie, wazee wangu. Hawa mbele wanang'aa, lakini wengi ukiwageuza nyuma unakuta wameliwa na mchwa."

Mama Tabu alifungua mdomo. Sijui angesema nini, kwa sababu nje honi ililia, geti likafunguliwa, wakaingia watu watano wamevaa sare ya kitenge, mbele yao mama wa haja amebeba kapu kichwani, na pembeni yake mzee wa koti ameshika bahasha.

"Hodi! Tusameheni, gari lilituzimikia njiani tulipotoka Misungwi," yule mama akasema. "Mimi ndiye shangazi wa kijana." Kisha akatuona sisi, sare zetu, kapu letu pale mezani. "Na hawa ni akina nani?"

Mzee Lutonja akatugeukia taratibu. "Ninyi si ndio wa Misungwi?"

"Sisi ni wa Mabatini," nikasema.

Jamani, ule mkanganyiko! Kumbe pande mbili zile hazijawahi kuonana, hata Rehema shangazi wa mchumba wake alikuwa anamsikia kwenye simu tu. Mzee wa koti akairudisha bahasha mfukoni, akasema wao hawakuja kugombania mtu, kama binti ana wachumba wawili wangeambiwa mapema, na wakaanza kurudi getini. Mama Tabu anawafuata anaapa, na Rehema ameshika sinia tupu, machozi yanamdondokea kwenye gauni la bluu. Yale machozi ndiyo yaliyoninyanyua. Aibu yangu mimi nitaibeba, nikajisemea, lakini ndoa ya mtoto wa watu isife kwa sababu yangu. Nikatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye ngazi, nikawapita wote, nikapiga magoti getini mbele ya yule shangazi.

"Dada yangu, mimi sina kijana! Nina binti mmoja, Jeni, yuko darasa la sita! Nimekuja kununua nyumba!"

"Mnunuzi wa nyumba anakuja na doti ya kanga?"

Lilikuwa swali zuri. Masanja akaja nyuma yangu, akatoa mfukoni futi ya kupimia, penseli na kile kitochi, akavinyanyua juu mbele ya watu wote kama mtu anayesalimisha silaha. Na hapo hapo, akihema, shati limelowa mgongo mzima, akatokea Petro.

"Mama Jeni! Nimekupigia mpaka kidole kimekufa ganzi! Nyumba ni ile pale juu, hapa mmefuata nini?"

Wa kwanza kuelewa alikuwa Rehema. Nilimwona anafuta macho, anageuka kutazama sebuleni, kisha akasema polepole, "Kwa hiyo... mgongo ulikuwa wa kabati?"

"Wa kabati, mwanangu," Masanja akajibu kwa unyonge wote wa dunia.

Binti yule alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Mama Tabu akamfuata, halafu Mzee Lutonja akawa anarudia peke yake, "Mchwa! Wameliwa na mchwa!" na kujipigapiga kifua, na yule shangazi wa Misungwi alicheka mpaka kapu likamshinda, ikabidi Petro alidake. Mzee wa koti alijikaza kwa muda mrefu kuliko wote. Mwishoni na yeye mabega yakaanza kumtetemeka, akaitoa bahasha upya.

Tulitaka kuondoka, wakakataa. Shangazi ndiye aliyetoa hukumu: tumejifanya wakwe, basi tutatumika kama wakwe. Nikajifunga kanga, nikapakua wali na samaki sato, nikazunguka na sinia peku, wageni wananiita "mnunuzi, lete chumvi," nami naleta, na Masanja alirekebisha mguu wa meza uliolegea, maana mchana ule ni yeye peke yake aliyekuwa anajua kwamba umelegea. Posa ikapokelewa, vigelegele vikapigwa, na cha kwangu ndicho kilichokuwa kirefu.

Jioni Petro akatupandisha juu. Bibi mjane tulimkuta verandani, alikuwa amesikia vicheko vyote, akataka aambiwe. Nilipomsimulia alicheka mpaka tukamletea maji, akasema kuna mtu anaitaka nyumba yake aibomoe ajenge ghorofa, lakini yeye ni afadhali imwendee mtu anayepiga magoti kwa ajili ya binti asiyemjua. Akatupunguzia bei mpaka ikafika tulipoweza. Kwa hiyo siku hizi ninakaa kwenye nyumba ya ndoto yangu, na jirani yangu wa chini ni Mzee Lutonja, ambaye hajawahi kupata mgeni asiyemsimulia habari hii, tena kila mwaka anaongeza kipande.

Mimi nimeshajiapiza. Nyumba yoyote nitakayoingia, kabla sijakaa, nasema jina langu, ninakotoka na kilichonileta. Mwezi uliopita nilikwenda msibani Nyegezi kwa watu nisiowazoea, nikasimama mlangoni nikasema kwa heshima zote: naitwa Mama Jeni, natokea Isamilo, nimekuja kuwapa pole. Mfiwa akaninyanyulia uso wake uliovimba kwa kulia, akanitazama, na nikaona midomo inaanza kumcheza kwa kuzuia kicheko. Kumbe mkasa wangu ulifika Nyegezi kabla yangu.