Miwani ya Cadette

Cadette hakuuza samaki akiwa amefunika macho. Hiyo ilikuwa kanuni yake tangu alipokuwa msichana sokoni Pweto, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Mweru, na alivuka nayo mwaka ule wa vita alipofikia kambi ya wakimbizi ya Kenani, upande wa Zambia, na furushi la nguo na sufuria moja. Mama yake alimfundisha kwamba mnunuzi hana njia ya kujua kama chisense, dagaa wa ziwa hilo, imechanganywa na mchanga ili gunia liwe zito. Anachoweza ni kumwuliza muuzaji, kisha kumtazama machoni anapojibu.

Wengi pale Kashikishi, ufukweni anakouzia sasa, huchanganya mchanga. Wanafanya hivyo asubuhi, na Jumapili wanaimba kwaya. Cadette hakufanya, na wanunuzi wa magunia kutoka miji ya migodi ya Copperbelt walilijua jambo hilo. Walimpita kila mtu na kumwendea yeye.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa inamla. Chisense ni samaki wadogo kama kidole cha mtoto, wanaoanikwa juu ya mchanga mweupe kando ya maji. Anayewageuza huinama kutwa nzima. Jua linampiga kutoka juu, na linampiga tena kutoka chini, maana mchanga, maji na samaki wenyewe vinang'aa kama bati jipya. Jicho lake la kulia lilianza kuwasha, likawa jekundu, kisha kikaota kinyama upande wa pua na kuanza kutambaa kuelekea mboni.

Chalwe, muuguzi wa macho wa kliniki, alimwambia waziwazi: jua ndilo linalokuza nyama hiyo, na bila kinga itafunika mboni. Cadette alikataa miwani.

"Sista, mi nauzisha na macho wazi. Nikivaa nyeusi batasema niko naficha kitu."

"Nani amesema nyeusi, ba mayo?" Chalwe akamwita kwa heshima, kama mama, akatoa miwani ambayo vioo vyake vilikaribia kuwa vyeupe. Akatoa pia noti ya kwacha na tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, kama ile wenye maduka wanayotumia kupima noti bandia. Alipomulika noti, alama zilizofichwa ziliwaka. Alipoweka kioo cha miwani kati ya tochi na noti, alama zikazimika. "Miale inayoumiza haionekani. Kioo hiki kinaizuia, na watu watakuona macho. Kofia pana juu yake, basi."

Cadette aliuza mbuzi wake akainunua. Kwa majuma machache alishika vyote viwili, kanuni yake na ushauri wa muuguzi, na wekundu ukapungua.

Halafu akaja Boyd.

Boyd ana kibanda cha miwani karibu na gati la Kashikishi, na ni mzee wa kanisa. Ndiye anayesoma matangazo ya ibada kwa sauti ya kupendeza. Asubuhi moja Cadette alipita mbele ya kibanda pamoja na Claire, jirani yake wa kuanika, na vijana waliokaa pale wakaanza.

"Angalia madame la présidente!"

"Mama Cadette, ulishakuwa muzungu? Unasoma gazeti ya samaki?"

"Basamaki banamwambia, bonjour docteur!"

Boyd hakucheka. Alisimama kwa heshima, akapiga makofi taratibu kama watu wa huku wanavyosalimu mkubwa. "Mulishani, ba Cadette. Niletee hiyo, nione."

Aliipeleka nyuma ya meza. Ana tochi ya zambarau yeye pia, maana anapokea noti kila siku. Claire, aliyesimama pembeni, alimwona akiweka noti chini ya kioo na kumulika. Alama hazikuwaka. Boyd akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Awe, mayo. Hii ni kioo ya dirisha. Ile kliniki inawaona nyinyi batu ba Kongo kama bajinga. Jua kali inataka kitu nyeusi. Uliona wapi fundi wa kuchoma chuma amevaa nyeupe?" Akachukua miwani nyeusi tititi, yenye karatasi ya kung'aa iliyobandikwa kiooni. "Chukua hii. Sikulipishi. Niachie ile yako tu, nitaitupa. Na jicho yako nitaiombea."

Cadette akaivaa, na papo hapo mng'ao wa ziwa ukatulia. Alihisi nafuu, akamshukuru. Claire alijua, lakini akageukia vikapu vyake. Vililala chini ya paa la Boyd bila malipo, na hakutaka vitolewe. Mtu huuza jicho la mwenzake kwa kivuli cha vikapu, kisha jioni anamwazima chumvi.

Hivyo Cadette akaivunja kanuni yake. Siku ya kwanza tu mnunuzi mmoja alimwambia, "Mama, toa lineti, tusemezane," na alipositasita kuivua miwani, akaenda kwa mwingine. Tangu hapo aliivua kila alipouza na kuivaa kila alipogeuza samaki. Jicho likarudi kuwa jekundu, likatoa machozi asubuhi kama limetiwa pilipili. Yeye alidhani giza la miwani halijatosha.

Boyd hakutupa kitu. Aliivaa miwani ile mwenyewe. Alikwenda nayo ziwani kwenye boti yake, na alikuja nayo kanisani. Walipomuuliza, alisema ni ya vumbi.

Kiangazi kilipokwisha Cadette alirudi kwa Chalwe. Muuguzi aliiweka miwani nyeusi juu ya noti, akamulika. Alama ziliwaka kana kwamba hakuna kioo kabisa.

"Ba mayo, hii ni rangi tu. Gizani mboni inafunguka kama mlango, na miale inaingia yote. Ile yako iko wapi?"

Cadette alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda. Boyd alikuwa ameivaa.

"Ile lineti njo ya kutupa?" aliuliza, akiionyesha kwa kidole miwani usoni mwake.

"Mayo, tulibadilishana. Biashara iliisha."

"Uliniambia ni kioo ya dirisha. Kwa nini dirisha iko ku macho yako?"

Vijana walewale wakacheka, safari hii wakimcheka Boyd. Akapandisha sauti. "Heshima! Mimi ni mzee wa kanisa! Weye umekuja hapa na boti, bila kitu!"

Hapo Claire akapasuka. "Alipima! Mi nilimwona. Aliweka noti chini, ikazimika. Alijua."

"Na weye ulinyamaza," Cadette akamwambia bila kumtazama. Akanyoosha mkono, akaichomoa miwani usoni mwa Boyd.

"Mwizi!" Boyd akapiga kelele. Hakuna aliyesogea.

Baraza la kanisa liliketi, likaamua kwamba ni suala la biashara, wala si la imani. Boyd bado anasoma matangazo. Meza yake bado imejaa vioo vyeusi vyenye karatasi za kung'aa, na watu bado wananunua, mama wenye watoto mgongoni wakiwavalisha hata watoto. Mimi ninayesimulia haya nimewaambia kwa mdomo wangu. Wananijibu kwamba ni nyeusi kuliko za kliniki.

Chalwe hakudanganya: alisema jua la Mweru lilianza kazi yake kabla ya Boyd, lakini wakati ule nyama ingeweza kuzuiliwa. Ilikatwa katika hospitali ya Mansa ikiwa imekwisha kupita juu ya mboni, na mahali pake pamebaki kovu jeupe. Kwa jicho la kulia Cadette anaona mwanga na kivuli tu. Hawezi kuitambua sura ya mtu.