Siku Sukari ya Raya Iliposhuka

Mgeta nzima ilijua mdomo wa Bi Raya. Alikuwa na miaka sitini na miwili, mnunuzi wa kabichi na karoti za kupeleka Dar, na mkulima hakushusha tenga mbele yake bila kutukanwa kwanza. Ndiyo maana asubuhi ile, alipoanza kufoka ovyo pale malori yanapopakiwa, hakuna aliyeshtuka.

Alikuwa amemeza vidonge vyake vya sukari alfajiri, kisha akateremka kijia cha mlimani bila kutia kitu tumboni, kwa kuwa lori lilikuwa limewahi. Kufikia saa nne jasho lilimtiririka, na baridi ya siku hiyo ilikuwa ya sweta. Mikono ilimtetemeka. Alimwambia Petro, mpakiaji wake wa miaka mingi, kwamba ni mwizi, akamrushia karoti. Halafu akakaa juu ya majani ya kabichi, akicheka peke yake.

"Kalewa huyu," mpakiaji mmoja alisema.

"Mwache," Petro akajibu. "Ametutukana vya kutosha."

Wakamwacha. Wengine walifurahi, tusifichane.

Upande wa pili wa lori, Prisca alikuwa akifunga viroba vya njegere. Alikuwa hajasemezana na Raya kwa miaka sita. Mama yake Prisca naye alikuwa na kisukari, na alikuwa akishikwa na jasho na kuropoka vivi hivi. Raya ndiye aliyetangaza gulioni kwamba ni uchawi wake umemrudia. Watu wakaamini. Mama yule alifariki mchana kweupe, majirani wakiogopa kuingia ndani. Baada ya mazishi Prisca aliipeleka pakiti ya vidonge hospitali mjini, akaelezwa kwamba mtu akivimeza bila kula, sukari inaweza kushuka mpaka akili imtoke, mpaka afe.

Alimtazama Raya, ambaye kila mtu alijua anatumia vidonge kama vile, kwa kitambo kirefu. Kisha akaenda kibandani, akarudi na soda.

"Kunywa."

"Niondokee, mtoto wa mchawi."

"Kunywa kwanza. Utanitukana ukimaliza."

Raya alimng'ata kidole, lakini soda aliimeza, funda kwa funda, mpaka chupa ikaisha. Baada ya robo saa macho yakatulia. Akauliza kwa nini amekaa chini.

Prisca alimgeukia Petro. "Mpeleke hospitali na lori hilihili. Mpe ndizi njiani. Dawa yenyewe haitoki upesi mwilini, inaweza kumwangusha tena."

Ikawa kama alivyosema. Jioni, Raya akiwa wodini, sukari ilimshuka mara ya pili, wakamtundikia dripu. Vipimo vilionyesha figo zake zimechoka, kwa hiyo dawa ilikuwa ikimrundikania mwilini. Daktari alimwachisha vidonge vile, akampa vingine, na kumkataza kutoka nyumbani bila kula.

Wiki iliyofuata Raya alipanda mpaka kwa Prisca. Prisca alikuwa anapepeta maharage mlangoni. Hakumwamkia.

"Sijaja kukaa," Raya alisema.

"Sijakukaribisha."

"Nimeambiwa ulininywesha soda."

"Ungefia pale, wangesema nimekuroga. Kwetu tunajua mnavyosema."

Raya alisimama, ushungi mkononi. "Yale ya mama yako niliyasema mimi."

"Uliyasema gulioni. Hapa umekuja kumwambia nani?"

Raya aligeuka, akashuka bila kuaga.

Siku ya gulio alisubiri watu wajae, akapanda juu ya tenga lililofudikizwa. "Mama yake Prisca hakuwa mchawi," alisema, kwa sauti ileile ya kugombania bei. "Vidonge vya sukari ndivyo vilivyomshusha sukari, kama mimi. Mimi ndiye niliyemzushia. Mnanikodolea macho ya nini? Pakieni kabichi."

Prisca alikuwepo, akasikia kila neno. Alibeba kiroba chake cha njegere, akapita mbele ya Raya, akaenda kumuuzia mnunuzi mwingine.