Mafuta ya Idah

Msiniambie nipunguze hasira. Nilikuwa jirani ya Idah, ua wa matete tu ulitutenga, na yaliyompata niliyaona kwa macho yangu.

Idah alizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Jairos, mvuvi wa kwetu Nchelenge, alimwoa huko akamleta. Kibemba kilimshinda, kwa hiyo tulisema naye Kiswahili, kile kile tulichouzia samaki. Alikuwa mzuri kupita kiasi. Akina mama wa kanisa waliisifu ngozi yake, na kanzu yake nyeupe ya siku ya Meza ya Bwana. Roho yake hakuna aliyeiulizia.

Mama mkwe alimfundisha desturi ya ufukwe huu: mume akiwa kambini kwenye nyavu, mke hajipaki mafuta wala hachani nywele mpaka mtumbwi urudi. Anayejipamba mume akiwa majini, wanasema, ana mtu mwingine, na ziwa humlipiza mume. Idah aliishika kwa heshima ya mkwewe, basi.

Mwaka wa hamsini na nne, mwezi wa nane, Jairos alikuwa na nyavu zake upande wa kisiwa cha Kilwa, humu ziwani kwetu. Jumamosi Chilufya, mkuu wa akina mama wa kanisa na mke wa Davison mwenye mitumbwi, alipita kwa Idah akamkuta nywele timtim.

"Weye uko mukristu ao mupagano?" akamwuliza. "Kesho iko Meza ya Bwana. Oga, pakala mafuta, vaa kanzu ya mweupe."

"Mama, Jairos iko ku maji. Batu batasema."

"Baseme! Mimi njo nakwambia."

Idah akatii. Jumapili aling'aa, akashiriki mkate na kikombe. Jioni upepo ukavuma vibaya. Mtumbwi wa Jairos uliokotwa umepinduka karibu na kijiji cha Puta. Jairos mwenyewe hakuonekana tena.

Basi kijiji kizima kikasema: alijipaka mafuta, amemuua. Na Chilufya? Kimya. Mwanamke ambaye mdomo wake haukupumzika tangu nimjue, siku hiyo ukashonwa. Tena alikuwa wa kwanza kuhama benchi aliloketi Idah.

Idah hakugusa mafuta tena, maana sasa walisema mafuta yake yatamzamisha mvuvi yeyote aliye majini. Ngozi ikapauka, nywele zikashikana, kanzu ikabaki sandukuni. Aliishi kwa kuwakaushia watu samaki kwenye moshi, na moshi ukamfanya awe na macho mekundu hata watoto wakawa wanamkimbia. Wazee wa kanisa wakatoa amri kwamba mchafu hasogei mezani pa Bwana. Walimharibia maisha kwa usafi, sasa wanamfukuza kwa uchafu! Kila Jumapili akasimama nje, dirishani, akasikiliza.

Nilimwambia arudi kwao Pweto. Alikataa.

"Ninataka kitu kimoja tu, dada. Chilufya aseme mbele ya batu bote: ni mimi nilimutuma. Kisha nitaenda hata kufa."

Miaka miwili ikapita hivyo. Mwezi wa nane upepo ukarudi, na safari hii aliyekuwa majini ni Davison. Siku zilipita, hakuna habari. Asubuhi moja nilimwona Chilufya, mwenyewe, na kitambaa chake cheupe kichwani, akiingia kwenye kibanda cha moshi cha Idah. Nikamfuata, sitaficha.

"Idah, ile ya Jairos inanirudilia," alisema. "Omba na mimi. Tafazali."

Ningekuwa mimi ningemwonyesha mlango. Idah alipiga magoti kwenye majivu, akamwombea Davison kwa jina mpaka sauti ikamkauka. Alipoinuka aliuliza: "Akirudi, utasema mu kanisa?"

"Nitasema. Mbele ya bote."

Davison alirudi kesho yake, mzima. Alikuwa amejikinga na upepo kisiwani Kilwa.

Jumapili Idah alioga ziwani, akajipaka mafuta mara ya kwanza tangu msiba. Kanzu ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Tukakaa benchi la nyuma, mkono wake umenishika kwa furaha. Mchungaji akahubiri kwamba Mungu hatazami sura bali moyo. Wote wakaitikia amina, tena kwa nguvu.

Chilufya akasimama kushuhudia. Akamshukuru Mungu, akamshukuru mchungaji, akashukuru maombi ya akina mama wote. Akamtazama Idah. Kisha akaketi.

Nikainuka niseme mimi. Idah akanivuta kanzu: "Acha, dada. Ilikuwa ya yeye kusema."

Ndipo mwanamke wa mbele yetu akageuka. Alikuwa Ngosa, ameolewa juzi tu, mumewe yuko kambini. Aliona mikono ya Idah inavyong'aa, akapiga ukelele.

"Anapakala mafuta! Bwana yangu iko ku maji!"

Benchi zikasukumana. Ngosa alilia kweli, msichana wa watu, kilio cha mtu anayezika. Idah akasimama, akatoka. Nilimkuta ufukweni amechota mchanga, anasugua mikono, shingo, uso, mpaka damu inatoka.

"Idah! Weye unajua mafuta haiue mutu!"

"Ninajua," alisema, hakuacha kusugua. "Ngosa hajue. Akiniona niko mukavu, leo atalala."

Nikaketi mchangani nikalia, kwa uchungu na kwa hasira. Yeye hakulia. Alimaliza, akainama akanawa damu, akarudi kwenye samaki wake.

Mume wa Ngosa alirudi salama. Jumapili iliyofuata Ngosa alitoa shukrani mbele ya kanisa lote, Chilufya akiwa ameketi benchi la kwanza na kitambaa chake cheupe. Nje dirishani, Idah aliitikia amina.