Nafasi Niliyotafutiwa

Nakumbuka Jumamosi moja pale Newala, mwanangu, nimesimama chini ya goli la netiboli, uwanja umezungukwa na watu pande zote, na wenzangu sita wanacheza kana kwamba sipo. Mpira ulikuja karibu yangu, ukapita juu ya kichwa changu, ukaenda kwa mwingine. Ukarudi, ukapita tena. Msichana wa Masasi aliyepangwa kunikaba alichoka kumkaba mtu asiyeletewa mpira. Akaninong'oneza, kwa upole kabisa, "Dada, kwani wewe huchezi?"

 Ili uelewe kwa nini aliniuliza hivyo, itabidi nianzie nyuma kidogo. Univumilie. Sisi watu wazima tukianza kusimulia hatujui njia za mkato.

Baba yangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Newala. Watu walimwita Baba Sharifa, kwa jina langu, maana mimi ndiye mtoto wa kwanza na kwa miaka mingi nilikuwa peke yangu. Ilipoanzishwa ligi ya wasichana ya kata za Newala na Masasi, walimchagua yeye kuwa mwenyekiti wa kamati, na sikudanganyi, alistahili. Mabomba ya magoli aliyatoa dukani kwake. Siku ya kuyasimika aliyashika kwa mikono yake mpaka zege likaanza kukamata, shati lote limechafuka, na alikuwa anacheka. Unajua shida ya maji ya huku kwetu juu mlimani; kila siku ya mechi yeye ndiye aliyehakikisha watoto wana maji ya kunywa. Nayasema haya mapema ili usije ukamchukia. Mabaya mengi duniani hufanywa na watu wabaya, lakini mengine hufanywa na wazazi.

Timu yetu ilifundishwa na Mama Beata. Huyu alikuwa mkulima wa korosho na mihogo, mzaliwa wa Mnyambe aliyeolewa Newala. Aliicheza netiboli alipokuwa shuleni na hakuacha kuipenda. Halipwi kitu. Anatoka shambani, ananawa miguu, anakuja uwanjani na filimbi yake shingoni, jua likiwa bado kali. Yeye alikuwa Mkristo, na wengi wetu Waislamu. Mwezi wa Ramadhani alitupunguzia mbio bila kuombwa na mtu.

Mfungaji wake alikuwa Somoe, msichana mwembamba, mpole, ambaye ukimpa mpira chini ya ringi unaweza kugeuka ukarudi katikati, maana goli limeshaingia. Mimi nilikuwa mfungaji wa akiba, na msimu mzima nilikaa benchi. Mikono yangu ilikuwa mizito. Mama Beata aliniambia waziwazi kwamba mimi si mfungaji, mimi ni mlinzi, nimekaa mahali pasipo pangu tu, na nikimpa mwaka mmoja atanitengeneza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema. Lakini ni binti gani wa miaka kumi na sita anayetaka kuinama mwaka mzima? Tena mlinzi hashangiliwi. Nikawa narudi nyumbani nimenuna, nalalamika kwa mama huku najua baba anasikia. Baba alikula, akanawa, akaondoka mezani.

Siku moja baada ya mazoezi alikuja uwanjani, akamwuliza Mama Beata mbele yangu kwa nini Sharifa hachezi. Mama Beata alimsalimu vizuri, akamjibu, "Mtoto wako atacheza, Baba Sharifa. Bado tu." Hakuongeza wala hakupunguza. Mtu mwingine angelisikia neno lile kama ahadi. Baba alilisikia kama tusi, na nadhani kilichomuuma zaidi ni kwamba limetoka kwa mwanamke mwenye vumbi la shamba miguuni.

Zikabaki siku chache tu kabla ya fainali kati yetu na Masasi. Kamati ikakaa, ikatoka na kanuni mpya: kila mwalimu wa timu lazima awe na cheti cha ualimu wa michezo. Hakuna asiyejua kanuni ile ilimlenga nani. Wajumbe wa Masasi waliikubali upesi, maana Newala ikivurugwa kabla ya fainali hasara si yao. Wengine waliikubali kwa sababu uchaguzi wa kamati ulikuwa mlangoni na kila mmoja alitaka kuungwa mkono na mwenyekiti. Mama Beata aliandikiwa kwamba anashukuriwa kwa mchango wake. Mahali pake akaletwa kijana mmoja mwenye cheti cha kufundisha mpira wa miguu. Hakuwa mtu mbaya. Netiboli aliijua kwa kuitazama.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kunipanga mimi mfungaji na kumweka Somoe benchi. Somoe alivua kile kitambaa chenye herufi tunachovaa kifuani, akakikunja, akanipa.  Nami sitakuficha, mwanangu, nilifurahi. Usiku ule nilikivaa mbele ya kioo.

Wazee walisema chanda chema huvikwa pete. Baba yangu alitaka nivikwe pete kwanza, chanda kije baadaye.

Basi ndiyo nikajikuta pale uwanjani. Ilikuwa miezi ile ya baridi, mikorosho imetoa maua, na ukungu wa asubuhi ulichelewa kuondoka. Wasichana wa Masasi walipanda milima na basi dogo, wanaimba tangu chini. Mechi ilipoanza nilielewa mara moja. Wenzangu hawakunitukana wala kunisukuma. Walininyima mpira tu. Zuhura, mfungaji mwenzangu, alihangaika peke yake na walinzi wawili, anakosa, anapata, anakosa. Watazamaji wakaanza kucheka na kuniita mtoto wa mwenyekiti. Baba alikuwa mbele kabisa, kwenye viti vya wageni, chini ya turubai. Nilimtazama mara moja, nikaona amekishika kidevu chake, nikaacha kumtazama.

Wakati wa mapumziko sikwenda benchi. Nilimwona Mama Beata amesimama nyuma ya kamba, katikati ya akina mama waliokuja kuangalia watoto wao. Nikamwendea nikilia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake. Nikamwambia naomba ruhusa niende nyumbani. Fikiria hilo: mtu aliyeondolewa kwa ajili yangu, ndiye niliyemwomba ruhusa.

Wenzangu waliponiona nipo naye, walikuja mmoja mmoja, pengine wakidhani atawapongeza. Hakupandisha sauti. "Mnagombana na nani?" aliwauliza. "Niliwafundisha kumrushia aliye wazi. Sikuwafundisha kumwuliza kwanza baba yake ni nani. Yangu na kamati ni yangu na kamati. Nitakwenda kusema mwenyewe, nina mdomo. Msinipigie vita yangu kwa kumtesa mtoto mwenzenu."

Wakainama wote. Kisha akanigeukia mimi. Nilitarajia anibembeleze. Aliniambia, "Na wewe, huendi nyumbani. Umekubali kuvaa, cheza. Ukikosa, kosa mbele ya watu. Ndivyo mtu anavyojijua."

Tukarudi. Mwanangu, walinirushia. Kwa uaminifu kabisa, kila nilipokuwa wazi mpira ulikuja. Nami nikakosa. Nilikosa nikiwa mbali, nikakosa nikiwa karibu, nikafunga moja ambalo liligonga ringi likazunguka likaingia kama lenyewe lilinionea huruma. Kukosa kule kuliniuma, lakini hakukuniuma kama kule kupitwa. Hapo kwanza nilikuwa sijui nilipo; sasa nilijua. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na mimi nilijiona uchi na nikajua kipimo changu.

Ilipofika mapumziko ya mwisho, kabla ya robo ya nne, tulikuwa nyuma kwa magoli machache. Mwalimu mpya alitaka kunitoa, nilimwona usoni, lakini kila alipofungua mdomo alitazama kwenye turubai. Basi nikaenda huko mwenyewe. Nikapiga goti mbele ya baba, nikasema, "Baba, naomba Somoe aingie."

Wageni wakageuka kunitazama.  Sijawahi kumkatalia Baba neno maishani mwangu, na sasa namkatalia mbele ya watu anaowaongoza. Akaniuliza, "Umeambiwa na nani?"

"Nimeona mwenyewe, Baba."

Akamwashiria mwalimu kwa mkono. Nikavua kitambaa, nikampelekea Somoe. Alikipokea, akakivaa, akaenda chini ya ringi. Alifunga, akafunga, uwanja ukasimama wote. Hatukushinda. Muda haukutosha. Masasi walilichukua kombe, wakateremka nalo milimani wakiimba.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, baba mbele, mimi nyuma.  Kisha jioni moja, tumekaa ukumbini, akasema bila kunitazama, "Yale magoli niliyajenga ili nije nikuone unacheza." Akaongeza, "Sikujua kungoja."

Asubuhi yake akaenda kwa Mama Beata, nami nikiwa naye. Tulimkuta anapalilia. Baba akamwomba radhi, akamwambia airudie timu yake. Mama Beata aliipokea radhi ile kwa mikono miwili, lakini timu aliikataa. Alisema, "Ukinirudisha kwa neno lako, Baba Sharifa, kesho mwingine atanitoa kwa neno lake. Kamati ndiyo inirudishe. Ifuteni kanuni mlipoiandikia."

Baba aliipeleka hoja kwenye kamati. Mama Beata naye akaenda akasema yake, amesimama, kama alivyoahidi. Wakamsikiliza. Halafu wakapiga kura, na kanuni ikabaki. Wajumbe walikuwa wamekwisha kuionja. Kila mmoja alikuwa na mwalimu wa timu fulani ambaye angependa aondoke, na sasa njia ya kumwondoa ilikuwepo, tena ina mhuri. Mchimba kisima huingia mwenyewe: baba alitafuta kanuni ya kumtoa mtu mmoja, na msimu uliofuata waliondolewa walimu wengi wa kujitolea, wakulima, washonaji, akina mama wa sokoni, na timu zao zikafa. Baba alijiuzulu uenyekiti. Hakuna aliyemzuia.

Mama Beata alianza upya na watoto wadogo, nje ya ligi, kwenye kiwanja cha mchanga. Nilimfuata. Nikampa ule mwaka alioniomba, nikawa mlinzi, na mlinzi mzuri, na baadaye nikarithi filimbi yake. Lakini Somoe hakucheza tena. Timu yetu nayo ilipovunjika, wazazi wake walihamia shamba, na mwaka haukuisha akaolewa. Nilikutana naye sokoni Masasi miaka mingi baadaye, amembeba mjukuu. Tuliongea mambo ya watoto, ya bei, ya mvua. Tulipoagana akanishika mkono, akasema, "Ule mchezo niliupenda sana, Sharifa." Hakunilaumu. Nilipanda basi la kurudi Newala nikatazama nje ya dirisha njia nzima.

Baba ameshatangulia mbele ya haki. Alipata kuniona nikicheza ulinzi, amesimama nyuma ya kamba pamoja na wazazi wengine, na hakukaa tena chini ya turubai.

Sasa nakuambia wewe, mwanangu, unayekusanya watoto jioni bila malipo, na uliyepewa pia kiti kwenye kamati, maana najua siku hizi ligi zenu mnazipanga kwenye makundi ya simu na maneno husafiri kabla ya kikao. Usitunge sheria kwa hasira ya mtu mmoja. Hasira itapoa, sheria itabaki. Ugomvi wa wakubwa usiupeleke kwenye miguu ya watoto. Ukiwa mzazi, mpende mwanao kiasi cha kumwacha angoje, hata akikununia mezani. Na ukiwa ni wewe uliyekaa benchi, usimwonee kijicho aliye uwanjani, wala usimtume mkubwa akutafutie nafasi, kwa sababu nafasi haitolewi hewani. Kuna mtu amekaa juu yake. Mjue kwanza ni nani, na ujiulize atakwenda wapi.

Mwenyezi Mungu akupe subira inayozidi kipaji chako. Awalinde watoto uliokabidhiwa, na usiku ulalapo, pasiwepo mtoto wa mtu anayelia kwa sababu yako. Nenda na amani.