Siku Niliyomwaga Maji ya Hulugho Wakati wa Kiangazi

Wakuu, salaam aleikum. Haya yalinitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa Kakamega. Kazi yangu ya kwanza baada ya diploma ilinipeleka karibu na Hulugho, nchi kame ya wafugaji, kuangalia bwawa la mifugo lenye tuta la udongo. Kila asubuhi nilipima kimo cha maji kwenye mabomba yaliyozamishwa ndani ya tuta.

Mliosoma civil engineering mnajua: udongo unasimama kwa sababu chembe zimebanana. Maji yakijaa katikati yanazisukuma, zinaachiana. Kwa macho tuta ni lile lile, lakini nguvu imeisha.

Wiki moja readings zikaanza kupanda. Nikajiambia kipimo ni kibovu.

Uvivu tu, wakuu. Sifichi.

Ndipo akaja Eeddo Halima, mama mfugaji aliyeishi chini ya tuta. Eeddo ni shangazi kwa Kisomali. Sote tulimwita hivyo.

"Injinia, ngamia yangu naingia mbaka goti hapo chini. Jana ilikuwa kavu."

Nikaenda. Mchanga ulikuwa unatokota kama uji. Maji yalikuwa yanapenya chini ya tuta, na lingeweza kupasuka wakati wowote.

Dawa ilikuwa kushusha maji haraka. Na mvua hakuna, watu wanatembea siku mbili kuyafikia! Nikampigia bosi, network hakuna. Nikafungua valvu mwenyewe, maji yakapotelea kwenye laga, ule mto mkavu wa msimu.

Wazee wakaja juu. "Unamwaga uhai yetu?"

 Eeddo akawapeleka pale kwenye mchanga, akachomeka fimbo yake. Ikazama karibu yote. Wakakimbia kuhamisha familia zao.

Siku tatu tulibeba pamoja mchanga wa chenga, kokoto na mawe, tukafunika pale ili maji yapite na udongo ubaki. Tuta likashika.

Lakini mbuzi kadhaa hawakuifikia mvua, wa Eeddo wakiwemo. Hakunilaumu hata siku moja. Asubuhi aliendelea kuniletea chai ya maziwa ya ngamia, yenye ile harufu ya moshi.

Siku hizi napima udongo kwenye kompyuta, Nairobi. Site nyingi zimepita, ila ninayoikumbuka ni ile. Nammiss yule mama.

Funzo: kipimo kikikuambia usichopenda, toka ukaangalie. Na muulize anayeishi chini ya tuta.

Wakuu wa site, nani mwingine aliokolewa na mtu asiye na cheti? Tiririkeni.