Dawa Mbili na Shingo ya Mume Wangu

Sikusoma. Darasa la tatu niliacha nikaenda kuchunga. Lakini dawa za mtu aliyeingiwa na sumu ya pamba nazijua mbili, na tofauti yake naijua vizuri, maana nilichagua mimi.

Josho letu lilikuwa halina dawa, na kupe wamejaa masikioni mwa ng'ombe kama maharage. Mume wangu akachukua dawa ya pamba iliyobaki, akaikoroga kwenye ndoo, akawapaka kwa tambara, mikono mitupu, jua linawaka.

"Hiyo ni ya wadudu wa pamba," nikamwambia.

"Kwani kupe atajuaje?"

Jioni haijafika, mate yanamtoka kama ndama, jasho linamiminika, nyama za mikono zinarukaruka zenyewe. Nikamnywesha maziwa, kibuyu kizima. Huku kwetu kila sumu tunaipiga kwa maziwa. Akayatapika yote. Jirani akatupakia kwenye bodaboda yake, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke, mpaka hospitali Bariadi.

Daktari alikuwa kijana, sawa na wajukuu zangu. Akaagiza avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni mwili mzima. Kisha sindano ya atropini, na nyingine, na nyingine, kila mara anammulika macho na kumsikiliza kifua. Kesho yake mate yakakata. Mume wangu akafumbua macho, midomo imekauka, akaniita mama kwa lugha yetu, "Mayu, umeniletea michembe au umekuja kunitazama tu?"

Mtu katoka kufa anadai viazi vikavu! Nilicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini.

Hapo daktari akaniita pembeni. "Bibi, atropini inakausha maji. Mate, jasho, majimaji ya kifuani. Misuli haiigusi. Kuna nyingine inaitwa pralidoksimu, hiyo inaing'oa sumu ilipong'ang'ania, misuli ipate nguvu. Hapa hatuna. Mwanza ipo, na mashine ya kupumulia ipo. Gari liko tayari."

Nikaelewa kwa kupe. Ya kwanza inafuta damu, ya pili inamng'oa kupe mwenyewe.

"Sasa hiyo ya pili si ndiyo bora?"

"Ikiwahi. Na hata wakubwa wetu wanabishana kama inamsaidia kila mtu. Lakini mimi naogopa misuli yake."

"Mtu anaomba michembe, wewe unaogopa misuli?"

Hakucheka. Akasema niamue.

Nikampigia mwanangu wa kwanza, yuko Dar es Salaam. "Mama, wewe ndiye uko naye. Fanya unavyoona." Binti yangu simu imezimwa. Watoto saba nimezaa, siku ile nilikuwa tasa. Vitanda vya jirani watu wamejazana na mahotipoti yao, mimi na mzee wangu tu.

Nikasema abaki. Tena nikazunguka wodini kifua mbele: mume wangu ni jiwe, sumu imemshindwa.

Siku ya tatu asubuhi nikamwinua anywe uji. Kichwa kikaanguka nyuma. Shingo haimshiki, kama ya mtoto wa wiki moja. Macho yananitazama, yananijua, sauti haitoki. Kifua kinanyanyuka kidogo, kidogo, kidogo zaidi. Daktari akaja mbio, akampulizia hewa kwa mfuko wa mkono, akapiga kelele gari liletwe. Gari likaja. Hakupandishwa.

Matanga yalipokwisha watoto wakarudi walikotoka. Nikaenda tena Bariadi, peke yangu, nikamkuta yule daktari.

"Ningekubali gari, angepona?"

"Bibi, sijui. Dawa labda ingekuwa imeshachelewa. Mashine ingempumulia huku misuli ikipata nguvu tena. Sijui."

Nilimpenda kwa kutonidanganya. Lakini ile sijui nilirudi nayo nyumbani, na ndiyo ninayokaa nayo.

Ng'ombe wale walitakata wiki chache, ngozi inang'aa. Mvua za kwanza kupe wakarudi. Watu wanaona nimezeeka vibaya, wanauliza kwa nini nisinunue dawa ya josho. Ninayo, imo ndani, sijaifungua. Kila asubuhi nachuchumaa kwenye sikio la ng'ombe, nawang'oa kwa vidole, mmoja mmoja, naangalia kama kichwa kimetoka. Kikibaki, naanza upya.